Meneja wa tawi anayeambiwa ana mdomo, lakini hasikiki

SWALI: Nina miaka 33. Mwezi wa tatu mwaka huu nilipandishwa kuwa meneja wa tawi katika taasisi ya mikopo midogo hapa Morogoro. Nasimamia watu kumi na mmoja, wanane wanaume, na watano kati yao wananizidi umri. Afisa mikopo mwandamizi ni mzee wa miaka 54 aliyeiomba nafasi hii akaikosa. Kwenye kikao cha Jumatatu nilipendekeza tuwe tunamfuata mteja ndani ya siku tatu akiruka rejesho, badala ya kusubiri mkopo ufikishe siku thelathini. Kimya. Baada ya muda kijana mmoja akasema jambo hilohilo, mzee akasema "hilo wazo zuri sana", likapita kama la yule kijana. Nikiomba ripoti kwa upole haziji. Nikifoka zinakuja, ila siku nzima nasikia minong'ono kwamba cheo kimenipanda kichwani na nina mdomo. Mzee ananiita "binti yangu" mbele ya wateja. Kuandika muhtasari wa kikao na kuagiza chai bado ni kazi yangu kama nilipokuwa afisa. Rafiki yangu anasema niwanyooshe mara moja tu watashika adabu. Meneja wa kanda hunipigia usiku kunipa moyo, anasema nikimsikiliza yeye nitafika mbali. Siku hizi ikifika Jumapili jioni tumbo linaniuma. Kuna kozi ya uongozi wa wanawake, siku mbili kwa laki nne na nusu. Nilipe?

JIBU: Dada, hilo la simu za usiku umelipitisha kwa sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo. Mimi silioni dogo, na nitalifikia. Ila tuanze na kikao, kwa sababu ndicho kilichokufanya uandike.

Kwa jinsi ninavyokusoma, kinachokuumiza ni kwamba ukiwa mpole hawafanyi, na ukifoka wanafanya lakini unabandikwa jina. Umeanza kuamini kwamba kuna sauti fulani ya katikati ambayo mameneja wa kiume wanayo na wewe umenyimwa, na kwamba kozi itakuuzia. Nilikuwa afisa rasilimali watu kabla sijaanza kufundisha mawasiliano kazini, na wanawake walioniletea swali hili ni wengi, kuanzia wauguzi wafawidhi wa wodi hadi wahandisi wa barabara. Sauti hiyo haipo. Wanaume wanaosikilizwa hapo tawini kwako, wengi wao hawana ufundi wowote wa kuongea. Wanasikilizwa kwa kuwa kila mtu amekuja kazini na picha ya bosi kichwani, na picha hiyo ina ndevu.

Kuna wanaosema mambo haya yamekwisha tangu tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais. Ikulu ni mbali na meza yako. Picha iliyo kichwani mwa afisa mikopo haibadiliki kwa sababu ya hafla aliyoiona kwenye runinga. Inabadilika taratibu kwa anayoyaona mbele yake kila Jumatatu.

Picha hiyo ndiyo inayofanya kitendo kimoja kisomwe kwa namna mbili. Mwaka 2008 Victoria Brescoll na Eric Uhlmann walichapisha utafiti ambao huwa nauleta karibu kila ninapofundisha. Waliwaonyesha watu video za waigizaji, wa kiume na wa kike, wakiwa kwenye usaili wa kazi na kueleza jambo lililowahi kuwakuta kazini. Mwanaume aliyeeleza kwa hasira alipandishwa hadhi na watazamaji. Mwanamke aliyeeleza kwa hasira alishushwa. Hasira ya mwanaume watazamaji waliihusisha na kilichotokea; ya mwanamke waliihusisha na tabia yake, kwamba ndivyo alivyo, hajui kujizuia. Sehemu nyingine ya utafiti huo ndiyo yenye faida kwako, na ajabu ni kwamba wengi hawaitaji: mwanamke alipotaja waziwazi kitu kilichomkasirisha, ile adhabu iliondoka.

Sasa jikumbushe ulivyofoka mara ya mwisho. Nabahatisha, lakini nadhani ulisema kitu kama "jamani nimechoka na uzembe wenu, kila siku niwabembeleze!" Msikilizaji hana pa kuiweka hasira hiyo isipokuwa kwako wewe. Umechoka, wewe ndiye mwenye hasira, basi una mdomo. Linganisha na hii: "Ripoti ya marejesho ilitakiwa saa nne. Sasa ni saa nane. Makao makuu wamefunga mfumo, na tawi letu limeonekana leo halijakusanya hata shilingi." Unaweza kuisema kwa sauti ya juu ukitaka. Hasira imeshapata mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni ripoti. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa kuwanyoosha siukubali. Si kwamba ukali ni dhambi, ila ukali usio na sababu iliyotajwa unakugharimu wewe zaidi ya unavyomgharimu meneja mwanaume. Si haki hata kidogo. Ila ndiyo bei iliyopo sokoni leo, na ni afadhali uijue kabla hujalipa.

Kuna upande mmoja ambao ni wa kwako, na ningekuwa nakudanganya nikiuacha. Umesema ukiomba kwa upole haziji, ukifoka zinakuja. Watu wako wameshajifunza saa yako. Wanajua saa nne uliyoitaja si saa nne ya kweli. Muda wenyewe unafika utakapofoka. Yeyote kati yetu angefanya hivyohivyo, maana kazi ni nyingi na ya bosi asiyefoka inasubiri. Na tatizo haliko kwenye upole wako. "Naomba" ni neno zuri, usiliache. Katika Kiswahili chetu bosi anayeamuru "lete ripoti" anaonekana hakulelewa, awe mwanamke au mwanaume. Angalia tu "naomba" yako inavyokaa. "Jamani, samahani, nilikuwa naomba kama inawezekana mnisaidie zile ripoti" haina mtu, haina siku, haina saa. Kila aliye chumbani anadhani ameambiwa jirani yake. "Naomba ripoti ya vikundi vya Kihonda iwe mezani kwangu kesho saa nne," ukimtaja kwa jina anayehusika, ni adabu ileile, lakini haina mlango wa nyuma.

Halafu saa nne ikifika, uliza mara moja. Isipokuwepo, usiifuate tena mpaka jioni na wala usiiandike wewe mwenyewe ili makao makuu wasikuone vibaya, jambo ambalo nashuku umekuwa ukilifanya. Mwite mhusika siku hiyohiyo, mkiwa wawili, mlango ukiwa wazi kidogo, umuulize kilichomkwamisha. Akiwa na sababu ya kweli, isikilize. Asipokuwa nayo, mwambie utaliandika kwenye kumbukumbu zako na litaonekana kwenye tathmini yake ya utendaji. Kisha uliandike kweli. Mara ya kwanza watakujaribu. Mara ya tatu utaona ripoti inaingia saa tatu na dakika hamsini.

Turudi kwenye lile wazo la siku tatu. Kwanza, lilikuwa wazo sahihi: mteja wa mikopo midogo aliyeruka rejesho moja bado ana aibu na bado anapokea simu, ilhali aliyefikisha siku thelathini ameshakopa kwingine kuziba pengo na ameanza kupita njia ya nyuma akiona pikipiki ya afisa mikopo. Sasa niambie, wewe ndiye meneja na ndiye unayeongoza kikao. Kwa nini ulipendekeza?

Siulizi kwa kejeli. Kuna mambo ya kushauriana na kuna mambo ya kuamua, na wanaokusikiliza hawajui hili ni lipi mpaka uwaambie. Anayependekeza amekiachia chumba uamuzi, na chumba kikikaa kimya wazo linabaki sakafuni, yeyote ana haki ya kuliokota. Yule kijana huenda hata hakukusudia kukuibia. Lingekuwa jambo la kuamua, ungesema: "Kuanzia Jumatatu ijayo, mteja akiruka rejesho tunamtembelea ndani ya siku tatu. Nataka kusikia kwenu mambo mawili, usafiri na nani anachukua eneo gani." Hapo mjadala unakuwa juu ya namna ya kulitekeleza, na mwenye wazo anajulikana.

Likiwa ni jambo la kushauriana kweli, usilifikishe kikaoni likiwa geni. Wanaume wengi wanajua siri hii bila kufundishwa: kikao huamuliwa kabla ya kikao, kwenye kibaraza, kwenye chai, kwenye gari la kurudi kutoka kwa wateja. Mwanamke anayewahi nyumbani kwa watoto hukosa vikao hivyo vidogo, kisha hushangaa kwa nini kile kikubwa kimekauka. Ijumaa mchana mpitie mhasibu, mpitie huyo kijana, waonyeshe daftari: wateja kadhaa wa mwezi uliopita, waliofuatwa mapema na waliochelewa kufuatwa, nani amelipa. Waulize wanaona kasoro gani. Jumatatu ukilileta, tayari watu wawili wamelielewa na mmoja wao atalizungumzia kama lako.

Hili la kuungana mkono si uchawi. Mwaka 2016 gazeti la Washington Post liliandika jinsi wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Barack Obama walivyopatana: mmoja wao akitoa hoja ya maana, mwingine anairudia na kumtaja aliyeitoa, ili wengine wasiweze kuipuuza wala kujipachika. Mna wanawake watatu hapo tawini. Zungumza nao. Lile la kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke silipi nafasi hapa. Nimewaona wakigombana pale nafasi ya mwanamke ilipokuwa moja tu, na hata wanaume wawili hugombania kiti kimoja.

Na likichukuliwa tena mbele yako? Usinyamaze, na usiseme "lakini mimi nilishasema", maana hapo unasikika kama mtoto anayelalamika. Sema: "Ahsante kwa kuliunga mkono nililoleta mwanzoni. Basi tulipangie utaratibu, wewe utaanza na Mazimbu." Umelirudisha, umemshukuru, umempa kazi. Na umwachie afanye kazi hiyo kweli.

Usidhani kukatizwa ni maradhi ya matawi madogo. Mwaka 2017 Tonja Jacobi na Dylan Schweers walichapisha uchambuzi wa mijadala ya Mahakama ya Juu ya Marekani na kuonyesha kuwa majaji wanawake walikuwa wakikatizwa zaidi ya wenzao, hadi na mawakili ambao utaratibu unawataka wanyamaze jaji akiongea. Majaji wa mahakama ya juu kabisa! Mwaka 2021 mahakama ile ikabadili utaratibu, ikaongeza kipindi ambacho kila jaji anauliza kwa zamu yake. Wanawake wale hawakuambiwa waende kujifunza kujiamini. Kilichorekebishwa ni utaratibu wa kuongea.

Hata hapa kwetu mfano upo. Anna Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015, mbele ya ukumbi ambao wengi wake walikuwa wanaume. Spika hashindani na wabunge kwa sauti. Mbunge huongea akiitwa. Anayetaka kumkatiza mwenzake anaomba kutoa taarifa au anasimama kuhusu utaratibu, na Kiti ndicho kinachoamua. Wewe pia una kiti. Kikao chako cha Jumatatu kinahitaji ajenda iliyotumwa Ijumaa, muda wa kila jambo, na kanuni moja isiyo na mjadala: anayeongea anamaliza. Ukiisimamia kanuni hiyo hata pale anayekatizwa ni mwanaume, hakuna atakayesema unajitetea.

Sasa mzee. Hapa nitatofautiana na baadhi ya wakufunzi wenzangu wanaokwambia uache kumwamkia shikamoo kwa kuwa wewe ni bosi. Usiache. Shikamoo ni ya umri na malezi, cheo hakiifuti, na meneja anayeipitisha siku moja tawi zima linajua kabla ya saa sita. Mwamkie, aitikie marahaba, kisha zungumza naye kazi kama kazi. Wanaoteleza ni wale wanaoendelea kuongea kwa sauti ya shikamoo hata wanapotoa maagizo.

Mzee huyu aliiomba nafasi, akaikosa, na hajaambiwa kwa nini. Nina hakika kiasi kwamba hakuna aliyekaa naye. Kwenye taasisi zetu anayekosa hujua kwa kuona jina la mwingine ubaoni. Anachokuonyesha ni jeraha, na "binti yangu" ndiyo namna pekee ya heshima aliyonayo ya kukumbusha watu kwamba yeye yupo. Usimwite ofisini kwako ukakaa nyuma ya meza. Mfuate alipo, jioni wengine wakiwa wametoka, uvute kiti ukae naye upande mmoja. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mzee, najua uliiomba nafasi hii, na najua hapa umenitangulia. Sitajifanya sijui. Nyumbani kwako ukiniita binti yangu nitaitika kwa furaha. Mbele ya mteja naomba uniite Meneja. Mteja akisikia binti, siku nikimkataa kwa dhamana mbovu atakuja kwako umwombee, na wewe ndiye utakayepata taabu." Sababu hiyo ni ya kweli, ya kikazi, na haimvunjii heshima. Kisha mpe jukumu lenye uzito, kwa mfano awasimamie maafisa wapya kwenye mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa, ya muda mrefu, awe na sauti humo na wewe usimwingilie. Jukumu la kumbembeleza tu atalitambua siku hiyohiyo.

Inawezekana akakubali. Inawezekana pia akacheka, akakuita binti yangu kesho yake tena mbele ya foleni. Mkumbushe faraghani mara moja zaidi. Akiendelea, au akianza kuwaambia wengine wasitekeleze maagizo yako, hapo si suala la heshima za umri tena. Una onyo la mdomo, la maandishi na hatua nyingine za nidhamu, zitumie kwa utaratibu ukishirikiana na rasilimali watu. Kumwogopa mzee kwa sababu ni mzee kutakupotezea hao wengine kumi.

Nina swali ambalo barua yako haikulijibu: ulipopandishwa, nani aliwatangazia? Mara nyingi mtu anapewa barua kwenye bahasha, kwenye grupu la WhatsApp zinamwagika hongera, basi. Hakuna anayesema mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo mkopo wa kiwango hiki unapita kwake, ruhusa zinapita kwake, tathmini anaandika yeye. Mamlaka yasiyotangazwa yanabidi yagombaniwe kila siku upya, na mwanamke kijana ndiye anayelazimika kuyagombania zaidi. Iandikie idara ya rasilimali watu makao makuu, uombe waraka mfupi unaoeleza majukumu na mipaka ya meneja wa tawi, usomwe kikaoni na ubandikwe. Kawaida ningekushauri umwombe meneja wa kanda aje auseme mwenyewe, lakini kwa hali ya barua yako, acha liwe la makao makuu.

Chai na muhtasari ni rahisi. Linda Babcock na wenzake, katika utafiti uliotoka 2017, waliwaweka watu kwenye vikundi na kazi moja ndogo isiyo na malipo ya maana ambayo lazima mmoja ajitolee. Kwenye vikundi vya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi. Kwenye vikundi vya wanawake watupu au wanaume watupu tofauti ikatoweka, wanaume nao wakajitolea vizuri tu. Kwa hiyo hakuna aliyezaliwa na karama ya chai. Kila mtu anasubiri mwanamke anyanyuke, naye ananyanyuka. Weka zamu kwa herufi za majina, ibandike ukutani, anza wiki hii bila hotuba. Muhtasari mwandikaji awe wa zamu, ila usisambazwe kabla wewe hujaupitia. Lile wazo la siku tatu limeandikwa kwa jina la nani? Angalia.

Kozi. Usilipe kwa sasa. Siku mbili za hotelini, cheti na picha ya pamoja hazitatangaza mamlaka yako wala kupanga kikao chako. Baadhi ya kozi ni nzuri, na hizo utazijua kwa kuuliza: nitafanya mazoezi ya kuongea nikirekodiwa na kusahihishwa, au nitasikiliza tu? Kuna atakayenifuatilia baada ya miezi miwili? Na kwa nini mwajiri wangu asilipe? Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kina programu ya Mwanamke Kiongozi, iliyotokana na ile ya Female Future ya waajiri wa Norway. Washiriki wake hupelekwa na waajiri wao. Uliza makao makuu kama taasisi yenu ni mwanachama. Hiyo ni hoja ya bajeti ya mafunzo, si ya mshahara wako.

Wakati unasubiri, nenda kakae nyuma kabisa kwenye kikao cha kikundi kimoja cha VICOBA unachokijua, cha akina mama. Unaijua mikopo yao, sasa tazama uongozi wao. Mwenyekiti anafungua kwa muda. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Aliyechelewa anatoa faini, hata akiwa mama mkwe wa mwenyekiti, na hakuna anayefoka, kwa kuwa faini imeandikwa kwenye katiba na kila mmoja aliipigia kura. Mweka hazina anahesabu kwa sauti, wote wanasikia. Ukimuuliza mwenyekiti yule kuhusu uongozi wa wanawake atakwambia hana elimu hiyo.

Sasa meneja wa kanda. Sitamhukumu mtu kwa sentensi moja. Wapo wakubwa wa kazi wasiojua saa, na wapo wanaopiga usiku kwa sababu mchana wako barabarani. Lakini "ukinisikiliza mimi utafika mbali", usiku, kwa mwanamke aliye chini yake, ni maneno ninayoyajua. Ujaribu kwanza hivi: usipokee, kisha mwandikie asubuhi, "Bosi, nimeona simu yako ya jana usiku. Masuala ya tawi naomba tuyazungumze leo saa tatu nikiwa ofisini." Mwenye nia njema atapiga saa tatu. Fanya hivyo mara mbili tatu, na utajua unaongea na nani.

Akigeuka mkali, akianza kukukatia bajeti au kugusia kuonana nje ya kazi, hilo si tatizo la mawasiliano tena na hakuna ufundi wa kuongea utakaolimaliza. Kudai ngono kama sharti la cheo, ajira au upendeleo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo, na ofisi ya mkoa hapo Morogoro unaweza kwenda mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi. Usifute ujumbe hata mmoja, na andika pembeni tarehe na saa za simu na alichosema. Mtafute mwanasheria mapema, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana msaada wa kisheria kwa wanawake, kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ina mipaka ya muda: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Watu wengi hufika hapo wakiwa na ushahidi mzuri na siku zimekwisha.

Na hilo tumbo la Jumapili jioni, nenda ukapimwe wiki hii. Linaweza kuwa vidonda vya tumbo, vinatibika. Daktari akiona tumbo ni zima, usiondoke hapo. Mwambie ulivyoniambia mimi, pamoja na habari ya usingizi kama nao umepungua, akuelekeze kwa mshauri nasaha wa hospitali ya mkoa.